Mafigo ilikufa siku gani?



Swali lililo hapo juu si langu. Ni la mjomba wangu. Lilinikuta nimekaa kwenye benchi mbele ya nyumba, hapa Kanyaruchinya, nimeshika karatasi ya labo ya mama mkubwa. Kwenye karatasi kulikuwa na mstari mmoja uliopigwa kalamu nyekundu: kreatinini 7,4. Kwa mwanamke mzima, kawaida haipiti 1,1 hivi. Sisi tuliosoma biomedikali tukiona namba kama hiyo hatungoji maelezo. Nikasema haraka, kama mtu anayejibu mtihani: "Mafigo yake imekufa."

Mjomba akanitazama sana.

"Imekufa? Siku gani? Wiki iliyopita alikuwa analima maharagi. Wewe wenye ulisoma, tuambie basi: mafigo ilikufa siku gani?"

Sikuwa na jibu. Kozi ya fiziolojia nilifaulu, nefroni naweza kuichora hata usiku bila taa, lakini swali la siku hakuna profesa aliyewahi kuniuliza. Nimelibeba swali hilo miezi kadhaa. Nimesoma, nimeuliza wakubwa wangu wa kazi. Ninaandika hapa kile nilichopata, juu naamini wengi wetu tuko na mama mkubwa kama huyu nyumbani, na wengi wetu tungejibu vibaya kama nilivyojibu mimi.

Jibu fupi ni hili: haikufa siku moja. Na tena, sehemu ya seli zilizoharibu figo zile hazikufa hata kidogo. Zilizeeka, zikakataa kutoka, zikaharibu jirani zao. Jibu refu linataka tuanze na kazi ya figo yenyewe.

Bidoni tisa kwa siku

Kila mtu wa Kanyaruchinya anajua uzito wa bidoni ya lita 20, juu ameibeba. Sasa sikieni hii. Figo mbili za mtu mzima, ambazo kwa pamoja zina gramu 300 hivi, zinachuja karibu lita 180 za maji ya damu kila siku. Ni bidoni tisa. Halafu zinarudisha karibu yote mwilini, pamoja na chumvi na sukari inayohitajika, na kutoa lita moja na nusu hivi kama mkojo.

Kazi inayokula nguvu hapo ni ile ya kurudisha. Inafanywa na seli zilizopanga mstari ndani ya mirija midogo ya figo. Seli hizo zimejaa mitokondria, vile vinu vya nguvu vya seli, na zinahitaji oksijeni nyingi sana. Shida ni kwamba sehemu ya ndani ya figo hupata oksijeni kidogo hata siku ya kawaida. Kwa hiyo damu ikipungua kidogo tu, hao ndio wa kwanza kuumia. Kumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

Mchujo na mrija wake, kwa pamoja, ndio tunaita nefroni. Kila figo iko na nefroni milioni moja hivi. Wengine wanazaliwa na laki mbili au tatu tu, wengine zaidi ya milioni mbili. Nefroni zote hutengenezwa tumboni mwa mama, na kazi hiyo inaisha karibu wiki ya 36 ya mimba. Baada ya hapo, hakuna mpya tena mpaka kaburini. Ngozi inajirudisha, damu inajirudisha, hata ini linajirudisha kwa sehemu kubwa. Nefroni hapana. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, au mwenye uzito mdogo juu mama yake alikuwa na njaa, anaanza maisha na mtaji mdogo. Fikirini watoto wote waliozaliwa chini ya bashi hapa kwetu miaka hii.

Na mtaji huo unapungua hata bila ugonjwa. Watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walihesabu nefroni za watu wazima wenye afya waliotoa figo moja kumpa mgonjwa. Matokeo yalitoka 2017. Watu wa miaka 18 mpaka 29 walikuwa na nefroni karibu 990,000 katika kila figo. Wa miaka 70 mpaka 75 walikuwa na 520,000 hivi. Yaani nusu imeondoka polepole, na mtu hajalala hospitali hata siku moja. Uzee wa figo ni jambo la kawaida. Ugonjwa sugu wa figo ni uzee huo huo uliopewa mbio.

Kuna kufa na kufa

Seli haifi kwa njia moja. Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliandika juu ya kifo kimoja cha seli ambacho kina utaratibu. Wakakiita apoptosi, neno la Kigiriki linalotumika kwa majani yanayodondoka kutoka mti. Seli inajikunja, inajikata vipande vidogo vilivyofungwa vizuri, jirani wanavimeza, mambo yanaisha. Hakuna kelele, hakuna uvimbe. Mwili wako unafanya hivyo kila siku, mabilioni kwa mabilioni.

Kifo kingine ni cha fujo. Seli inakosa oksijeni, inavimba, inapasuka, na vitu vyote vya ndani vinamwagika kwa jirani. Askari wa mwili wanakuja mbio wakifikiri kuna adui, wanapiga ovyo. Katikati ya hivyo viwili kuna vifo vingine ambavyo sayansi imevigundua juzi juzi. Mmoja ulipewa jina mwaka 2012: feroptosi, ambapo madini ya chuma yaliyo ndani ya seli yanasaidia kuchoma mafuta ya ukuta wake. Seli za mirija ya figo ni dhaifu sana mbele ya kifo hicho.

Lakini kuna jambo la tatu, na ndilo lililonifungua macho. Seli inaweza kukataa vyote viwili: haifanyi kazi vizuri tena, na haifi.

Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead, huko Philadelphia, walionyesha kwamba seli za kawaida za mtu, zikilelewa kwenye chupa za labo, zinajigawa mara 50 hivi halafu zinasimama. Hazijafa. Zinakaa tu. Baadaye ikajulikana kwamba sababu moja ni telomeri, vile vifuniko vya mwisho wa kromosomu ambavyo vinafupika kila seli ikijigawa. Kazi juu ya telomeri ilipewa tuzo ya Nobel mwaka 2009. Kisha ikajulikana pia kwamba seli haingoji kufikisha mara 50. Ukiumiza ADN yake, ukiinyima oksijeni, ukiiogesha sukari nyingi miaka na miaka, itazeeka mapema. Protini kama p16 na p21 zinakanyaga breki, na mguu hautoki hapo tena.

Breki hiyo haiko mbaya yenyewe. Seli yenye ADN iliyovunjika ikiendelea kujigawa, inaweza kuleta kansa. Bora isimame. Ubaya ni kile kinachofuata.

Wasomi wa Goma, ninyi mnamjua mzee fulani wa ofisi. Umri wa kustaafu umepita zamani, kazi hafanyi tena, lakini kiti hatoki, juu akitoka hakuna wa kumlipa pensheni. Kijana mwenye diploma anabaki barabarani. Simlaumu mzee, njaa ni njaa. Lakini tuseme huyu mzee hakai kimya: kila asubuhi anapiga kelele, anaandika barua za malalamiko, anakorofisha hata wale waliokuwa wanatumika vizuri, mpaka na wao wanaacha kazi na kuanza kelele. Ndivyo seli iliyozeeka inavyofanya. Mwaka 2008 kundi la Judith Campisi, huko California, lilieleza kwa upana jinsi seli hizo zinavyomwaga nje mchanganyiko wa kemikali za kuita uvimbe, za kukata nyuzi za tishu, na za kuamsha seli zinazotengeneza kovu. Jirani akioga hizo kemikali muda mrefu, na yeye anazeeka.

Kijana mwenye kinga nzuri huwa anasafisha seli hizo. Ukizeeka, au zikiwa nyingi kupita kiasi, zinabaki.

Tarehe za mama mkubwa

Sasa naweza kurudi kwa mjomba na kalenda mkononi.

Mwisho wa 2022 vita ilimtoa mama mkubwa Kibumba. Akashuka kwa mguu na barabara ya Rutshuru mpaka hapa Kanyaruchinya, kambini, kama makumi elfu ya wengine. Maji yalikuwa machache, vyoo vichache zaidi. Tangu Desemba mwaka ule kolera ikaingia katika kambi za Nyiragongo. Goma inaijua kolera. Wazee bado wanasimulia Julai 1994, ambapo wakimbizi karibu 50,000 kutoka Rwanda walikufa katika mwezi wa kwanza tu, wengi kwa kuhara. Safari hii huduma zilikuwa karibu, na mama mkubwa hakufa. Alilala chini ya bashi, serumu mkononi, siku ya tatu akasimama. Tulimshukuru Mungu, tukamaliza habari.

Kumbe habari ndiyo ilikuwa inaanza.

Kolera ikikukamata sana, unapoteza maji lita kwa lita ndani ya masaa machache. Presha ya damu inaanguka. Mwili unachagua: ubongo na moyo wapewe damu, wengine wangoje. Figo ni mmoja wa hao wengine. Mama mkubwa alituambia baadaye kwamba alikaa karibu siku nzima na usiku bila kukojoa. Katika masaa hayo, zile seli za mirija nilizosema, zenye njaa kubwa ya oksijeni, zilianza kufa. Baadhi kwa utulivu, baadhi kwa kupasuka.

Serumu ilipoingia, damu ikarudi, na figo ikaanza kujitengeneza. Hapa lazima niseme wazi ili nisitishe watu: wengi wanaopona kolera, figo zao zinapona. Seli zilizobaki hai zinajilaza, zinajigawa, zinafunika pengo. Ni kazi nzuri ajabu. Lakini si zote zinazofaulu. Mwaka 2010 watafiti wa Boston walionyesha kwa panya kwamba, kama kipigo kilikuwa kikubwa, baadhi ya seli zinakwama katikati ya kujigawa. ADN imeumia, breki imekanyagwa, seli haiwezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Na ikiwa imekwama hapo, inatoa kemikali zinazoita kovu. Kwa panya hao, seli zilizokwama zikiwa nyingi, kovu lilikuwa kubwa.

Kovu la figo ni kitu gani? Sisi wa hapa tunaweza kulielewa kuliko watu wa mbali. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, lava ikashuka mpaka Buhene, hapa jirani. Pale ilipopita hapakubaki shimo. Pamejaa. Lakini pamejaa jiwe, na kwenye jiwe huwezi kupanda maharagi. Kovu ndani ya figo ni hivyo. Nafasi ya nefroni imejazwa na nyuzi ngumu, figo bado iko mahali pake, lakini pale hakuna kinachochujwa. Mbaya zaidi, nyuzi hizo zinabana mishipa midogo ya damu. Jirani anakosa oksijeni. Naye anaumia, anazeeka, anaita kovu lake. Kwa hiyo moto uliowashwa na kolera ya siku tatu unaweza kuendelea kula polepole miaka mingi, bila kolera tena, bila homa, bila maumivu. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba mtu aliyewahi kupata kipigo cha ghafla cha figo ana hatari mara kadhaa zaidi ya kupata ugonjwa sugu baadaye.

Chukudu zinazobaki

Asubuhi tunaona chukudu zikishuka na viazi na makabichi kutoka Kibumba. Tuseme chukudu ni kumi na mzigo ni wa kumi. Mbili zikivunjika, mzigo haupungui, soko la Goma linangoja. Nane zinabeba wa kumi. Zinafika, ndiyo, lakini mbao zinalia. Kesho inavunjika ya tatu, na saba zinabeba wa kumi.

Nefroni zinafanya hivyo hivyo. Zinazobaki zinavimba na kuchuja zaidi ya kipimo chao. Mtu anajiona mzima, na karatasi ya labo inasema mzima. Lakini juu ya kila mchujo kuna seli zenye miguu kama pweza, zinaitwa podositi, ambazo zinashikilia ukuta wa mchujo. Podositi ya mtu mzima haijigawi ikaleta nyingine. Ukuta ukivutwa kwa presha kubwa, podositi inaachia, inaangukia kwenye mkojo, inaondoka. Sehemu yake inabaki uchi, protini ya damu inavuja, na mwishowe mchujo wote unageuka kovu. Ndiyo maana protini kwenye mkojo ni habari mbaya hata kama mtu haumwi popote.

Sukari na tansiyo zinapita njia hii hii. Sukari nyingi inazeesha seli za mirija na podositi kwa miaka. Tansiyo inavuta ukuta wa mchujo kila mapigo ya moyo, mara laki moja kwa siku. Na sisi Waafrika tuko na jambo moja la kurithi. Mwaka 2010 iligunduliwa kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika, hasa ya Magharibi, wana aina mbili za geni inayoitwa APOL1. Aina hizo zilienea juu zinasaidia kupambana na vimelea vya malale. Lakini mtu akirithi kutoka kwa baba na kwa mama, podositi zake zinakufa kwa urahisi zaidi. Hata Kinshasa aina hizo zimekutwa. Kinga ya jana imekuwa deni la leo.

Mama mkubwa, baada ya kolera, aliendelea kubeba maji. Mgongo ukamuuma. Akawa ananunua diklofenaki, vidonge viwili vitatu, karibu kila siku, kwa mwaka na zaidi. Dawa hiyo inazuia kemikali fulani zinazosaidia mshipa unaoleta damu kwenye figo ubaki wazi. Kwa mtu mzima mwenye maji ya kutosha, kidonge cha siku mbili tatu mara nyingi hakileti shida. Kwa mtu aliyekaushwa na kuhara, au ambaye figo yake tayari ina kovu, ni kuongeza kipigo juu ya kidonda. Hakuna aliyemwambia. Na mimi, mwenye diploma, nilimletea vidonge hivyo mara mbili kwa mkono wangu.

Mwanzoni mwa 2025 kambi zikaisha, akarudi kulima. Miguu ikaanza kuvimba jioni. Tukasema ni uchovu. Usingizi ukapotea, chakula kikawa na ladha ya chuma mdomoni. Tukasema ni mawazo ya vita. Siku tulipompima tansiyo ilikuwa 19 kwa 11. Labo ikaja baadaye, na ile 7,4.

Siwezi kuapa mbele yenu kwamba ni kolera ndiyo ilianza, au tansiyo, au vidonge. Hakuna aliyekata kipande cha figo yake na kukiangalia kwa hadubini. Lakini kalenda inasema jambo moja: kati ya kipigo cha kwanza na karatasi ya labo ilipita zaidi ya miaka miwili, na katika miaka hiyo tungeweza kumpima siku yoyote.

Kwa nini hatukuona

Figo haina kelele. Na kreatinini, ambayo ndiyo tunaitegemea, inachelewa kusema. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa kuchuja, na kreatinini ikabaki ndani ya mipaka ya kawaida au imeigusa tu. Ikianza kupanda kwa mbio, tayari tuko mbali. Ndiyo maana madaktari wanahesabu kiwango cha kuchuja kwa kutumia kreatinini, umri na jinsia. Kikiwa chini ya 60 kwa miezi mitatu au zaidi, huo ni ugonjwa sugu. Protini ikiendelea kuvuja kwenye mkojo miezi mitatu, ni ugonjwa sugu hata kama kuchuja bado kuzuri. Chini ya 15, mazungumzo ni ya dializi: mara tatu kwa wiki, karibu saa nne kila mara, au figo ya mtu mwingine.

Msifikiri ni ugonjwa wa wachache. Daktari Ernest Sumaili na wenzake walipima watu wazima mjini Kinshasa, wakachapisha mwaka 2009: watu 12 hivi kati ya 100 walikuwa na alama za ugonjwa sugu wa figo.

Tena figo iliyozeeka haizeeki peke yake. Mwaka 1997 Makoto Kuro-o na wenzake huko Japani walieleza geni moja waliyoiita Klotho, jina la mungu wa kike wa Wagiriki wa kale anayesokota uzi wa maisha. Panya asiyekuwa nayo anazeeka mbio: mishipa inajaa chokaa, ngozi inakwisha, anakufa kijana. Na protini ya Klotho inatengenezwa zaidi kwenye figo. Figo ikiharibika, Klotho inapungua. Hiyo ni sababu moja kati ya nyingi kwa nini mgonjwa wa figo anakufa mara nyingi kwa moyo na mishipa, kabla hata ya kufika dializi.

Je, wazee wa ofisi wanaweza kutolewa?

Swali hili najua mtaliuliza. Kwa panya, ndiyo. Mwaka 2016 watafiti wa Mayo Clinic waliandika kwamba waliondoa seli zenye p16 kwa panya wa umri wa kati; panya wakaishi zaidi, na figo zao zikabaki na afya bora. Kwa watu, mwaka 2019 wagonjwa 9 wa figo waliopata ugonjwa huo kwa sababu ya sukari walipewa kwa siku tatu dasatinibi, ambayo ni dawa ya kansa ya damu, pamoja na kwesetini, kitu kinachopatikana kwenye vitunguu na matunda. Seli zilizozeeka zilipungua katika mafuta na ngozi yao. Ni watu 9. Haikuonyeshwa kwamba figo zao zilipona. Kwa hiyo mtu akikuuzia hapa sokoni "dawa ya kurudisha mafigo", mwulize ameipata wapi kabla ya Marekani.

Na tuwe macho na mizizi. Mwaka 1993 madaktari wa Bruxelles walieleza juu ya wanawake waliokunywa vidonge vya majani vya kupunguza unene, wakaharibika figo. Baadaye wakahesabiwa zaidi ya mia moja. Sumu ilitoka kwenye mmea wa jamii ya Aristolochia. Inajifunga kwenye ADN ya seli za mirija na kuivunja. Mmea ni wa asili, ndiyo, na sumu yake pia ni ya asili.

Kinachofanya kazi leo ni cha kawaida zaidi. Kushusha tansiyo, hasa kwa dawa za kundi la enalaprili kama daktari ameona inafaa. Kushusha sukari. Tangu 2020 kuna ushahidi mzuri kwamba dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya sukari, inachelewesha kuharibika kwa figo hata kwa asiyekuwa na sukari. Hakuna hata moja inayorudisha nefroni iliyokufa. Zote zinapunguza mzigo wa chukudu zilizobaki.

Kwa hiyo ninawaomba hivi, wandugu. Kama mtu wenu wa nyumbani amepona kolera kali, malaria kali, au alikaa bila kukojoa, mpimeni kreatinini na protini ya mkojo miezi mitatu baadaye, hata akisema "niko muzima". Mtu akiharisha au kutapika, asimeze diklofenaki wala ibuprofeni. Apewe maji ya chumvi na sukari, na akizidi apelekwe kwa muganga. Mwenye tansiyo au sukari apimwe figo mara moja kwa mwaka. Hiyo karatasi ya mkojo ni kipimo kidogo kabisa cha labo. Mama mwenye mimba akikosa chakula, jueni kwamba mtoto anakatiwa mtaji wa nefroni ambao hautarudi.

Nilirudi kwa mjomba. Nikamwambia: "Mjomba, haikufa siku moja. Ilianza kuzeeka kambini, na kila mwezi ikapoteza kidogo. Sisi wote tulikuwa tunaangalia." Alinyamaza muda. Halafu akauliza kama ile mashine ya tansiyo bado iko nyumbani, akakunja mkono wa shati.

Ilikuwa 17 kwa 10. Alikuwa hajawahi kupimwa hata mara moja, na alikuwa anajiona mzima kabisa. Kesho yake tulienda naye labo, na mkojo wake ukakutwa na protini, alama moja ya kujumlisha. Tutarudia baada ya miezi mitatu. Dawa ya tansiyo ameanza.

Kwa mama mkubwa tulifika tumechelewa, na tunahangaika naye kila wiki. Kwa mjomba, tuko na tarehe.